Maoni ya Dada Zuhura

Jumatatu, 7 Septemba 1998
Nimejiahidi kuandika yote, hata ya aibu. Nimechota maji, nimefua sare. Shuleni tumetangaziwa: Jumamosi tume inayokusanya maoni ya katiba itafika hapa Ihumwa. Dada Zuhura ni kiziwi. Anataka kwenda kuomba lugha ya alama itambuliwe. Mimi nitamtafsiria. Naogopa.

Alhamisi, 10 Septemba
Hatuna alama ya katiba. Nikamweleza alivyotufundisha mwalimu wa uraia: ni sheria mama. Zuhura akaacha cherehani na suruali ya mitumba aliyokuwa anaipunguza, akatunga alama. Kuandika kiganjani, kisha kufunga fundo la khanga kifuani, ambayo ndiyo alama yetu ya Mama. Tukacheka sana. Mama akadhani tunamsengenya. Yeye anajua alama za njoo, kula na acha. Basi.

Jumamosi, 12 Septemba
Furaha imenishibisha, chakula hakipiti.

Zuhura alisimama mbele ya tume darasani, mimi kando yake nikitafsiri. Alisema kwa mikono: "Hospitali naogopa, kwa sababu hakuna anayenielewa. Lugha yangu iandikwe kwenye katiba, ili anayenihudumia alazimike kujifunza."

Mzee mmoja nyuma akauliza bubu kapata wapi siasa. Viziwi wenzake Zuhura kutoka Nzuguni wakapunga mikono juu. Ndivyo wanavyopiga makofi. Mwenyekiti akadhani wanaomba kusema.

"Mmoja mmoja, ndugu zangu."

Nilipomweleza mwenyekiti kuwa ni makofi, alicheka, naye akapunga yake. Hata yule mzee akapunga.

Kisha karani akaandika jina langu, kwa kuwa sauti ni yangu. Nikanyamaza. Aibu. Lakini Zuhura anajua kusoma. Akamgusa karani bega, akaonyesha karatasi, akajigonga kifuani.

"Futa," mwenyekiti akasema. "Andika la mwenye maoni."

Sikujua kufutwa kunaweza kufurahisha hivi.

Jumapili, 13 Septemba
Upepo. Tumepepeta karanga uani. Sijui kama wakubwa watakubali. Natumaini.

Jana mkutanoni Mama alikaa nyuma kabisa. Leo ameweka ungo chini. Akafunga fundo lisilokuwepo kifuani, akaandika kiganjani. Kinyume, lakini tulielewa. Kisha akamtazama Zuhura, akafungua viganja kama anayeuliza.

Jana alinisikia mimi. Leo anataka kusikia kwa mwenyewe. Sikutafsiri. Nikachukua ungo, nikaendelea na karanga, naye Mama akangoja jibu.

Ulisema nini jana, mwanangu?