Mnyororo wa chenso mikononi mwa mkwe

Mbaraka, siamini. Siamini kabisa!

Nimerudi kutoka Soni, nakuta baba mkwe amenoa mnyororo wa chenso yangu ya kukatia miti kwa grenda ya mezani. Meno yote yameungua, yamegeuka bluu!

Eti, "Enzi za Ujamaa nilinoa majembe ya kijiji kizima." Majembe, Mbaraka! MAJEMBE!

Ningesema nini? Ni mkwe. Nikasema, "Asante, baba."

Nikaujaribu kwenye mkaratusi pale pale. Unatoa moshi tu, haukati. Mzee akamgeukia mke wangu, majirani wanasikia: "Mwanangu, huyu mumeo hana nguvu." Hana nguvu! Na mke wangu akacheka.

Nakuandikia nimejifungia chooni.

Ngoja. Grenda inalia tena. Mnyororo wa akiba niliuacha mezani.