Wandera Amemuuliza Leonida

Syprose, kitendawili. Kuku wangu nimemlea tangu kifaranga, sasa anatagia kwa jirani. Usijisumbue, jibu ni Wandera, mjukuu wangu.

Nimetoka kwake Malaba sasa hivi.

Unajua ametia turbo kwa gari lake, kile kifaa cha kuongezea injini nguvu. Sasa kompyuta inayoongoza injini haielewi hiyo nguvu. Fundi amempa njia mbili: kuandika upya programu ndani ya kompyuta ile ile, ama kuitoa kabisa na kuweka nyingine mpya ya kupangwa kutoka mwanzo.

Na amemuuliza nani? Leonida. Nyanya wa mke wake. Leonida ambaye hata simu anawashiwa na watu.

Tunakula, Leonida anamwambia mbele yangu, "Mwanangu, toa hiyo ya zamani. Cha zamani hakifundishiki." Halafu ananiangalia mimi. Syprose wee, mimi!

Nikaweka ugali chini. Nikasema, "Wandera, nani alikubeba mgongoni mpaka hospitali Alupe? Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Leonida anatafuna samaki tu. Wandera anaangalia sahani.

Nikachukua mkoba nikatoka. Nilikuwa nimeshapanda boda nilipomsikia Wandera anakimbia nyuma yangu.

"Kukhu, nyanya yangu, wewe ungeniambia niuze gari ninunue ng'ombe."

Nikamwambia, "Na kwani ningekosea?"

"Hungekosea. Lakini wewe ukisema uza, mimi nitauza."