Vijiti vya Muchungwa wa Mama

Kalemie, siku ya treni

Papa yangu mupendwa,

Jambo sana, Papa. Mutoto wako Ngoie anakusalimu kwa mikono miwili. Mugongo umepoa? Kile kikohozi kilikwenda na mvua ao ungali nacho huko Kongolo? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe, lakini nikisema tuko muzuri nitakuwa nakudanganya.

Barua yako ya kusema muchwa wamemaliza muchungwa wa Mama ilinifikia. Nililia mbele ya majirani, sikuona haya. Nikajituliza na neno moja: huku ungali uko. Unakumbuka vijiti vyake ulivyonifungia ndani ya maganda ya mugomba, siku nilipomufuata bwana yangu kwa kazi yake ya bandari? Niliviunganisha juu ya milimau miwili niliyoipanda nyuma ya nyumba, vile ulivyonifundisha: kisu kikali, funga, paka udongo, usichungulie. Mwaka huu imetoa maua mara ya kwanza. Uani kunanukia kama kwetu.

Njo hapo matata yalianza. Papa Kisimba, mwenye parseli, uwanja huu na nyumba tunayopanga, alikuja kuangalia paa linalovuja. Akaona maua, akanikunjia uso.

"Mama Faida, nilikupa pa kulima lengalenga na muhogo. Nani alikuambia upande muti?"

"Papa, ni machungwa tu. Hata wewe utakula."

"Tutakula, halafu? Kesho kartie yote, mutaa muzima, itasema, 'kule kwa michungwa ya Mama Faida.' Kesho kutwa watoto wako watasema ni kwa mama yao. Muhogo unang'olewa, muti unabaki. Muti njo mupaka!"

Yoo, Papa! Mupangaji hapandi muti, hata mutoto anajua. Mimi nilipanda kama niko kwetu. Tulimupelekea mikebuka mizuri ya ziwa tukimuomba. Samaki alipokea, neno alikataa: miti itoke kabla ya kuzaa, ao sisi tutoke. Na mimi tumbo hili limekwisha kuwa kubwa, nitahamia wapi? Nina hasira. Lakini Papa Kisimba si mutu mubaya. Ndugu yake alinyang'anywa uwanja hivyo hivyo, kwa sababu ya mapera ya mupangaji.

Bwana yangu amenoa shoka. Kesho anakata.

Kwa hiyo leo asubuhi nilichagua vijiti visivyo na maua, nikatoa majani, nikavifunga ndani ya ganda lenye maji. Shemeji Kabwe, mudogo wa bwana yangu, anapanda treni navyo pamoja na barua hii. Nimemuambia asiviweke juani, avilowanishe njiani. Akanicheka: "Shemeji, nimebeba mugonjwa?" Nikamujibu, "Njo hivyo." Naogopa stesheni ya Kabalo tu, maana treni ikilala pale haina haraka na vitu vya mutu.

Nisalimie Mama Mudogo anayekuangalia, na kaka yangu mukubwa anayefundisha kwa misheni. Faida anamusalimu babu yake. Anauliza kama huko machungwa yanaliwa bila ruhusa.

Papa, mulimau wa huko kwetu, kando ya jiko, ungali uko? Usiisome barua hii mara mbili, wala usinijibu kwanza. Fungua ganda. Ukikwangua kijiti ukaona ubichi, chukua kisu hapo hapo. Huku hakutabaki kingine cha kukata.

Mutoto wako,
Ngoie