Hamsini na Nane ya Darasa la Juu

Jumamosi jioni, Ruashi. Upepo wa mwezi wa nane umeleta vumbi la mgodi mpaka ndani ya vikombe.

Leo nimepigishwa magoti mbele ya watu kwa kosa la kujua Kiingereza.

Nianze mwanzo, maana hata mimi mwenyewe nikija kusoma tena hapa nitadhani nilizidisha chumvi.

Tulipoingia darasa la tano la sekondari, shule yetu ilifungua kozi ya Kiingereza cha juu. Prof Anselme, mwalimu wa kozi hiyo, alinichagua yeye mwenyewe. Alikuja hadi depo ya papa, baba yangu, akasimama katikati ya mifuko ya unga, akamwambia kwamba vyuo vikuu vya nje vinapenda mtoto aliyepita njia ngumu. Papa hakusoma sana. Alianza kwa kuuza sabuni kule Butembo, na leo malori yake yanafika Kasomeno, mpakani. Alikubali palepale. Clarisse, jirani yetu na rafiki yangu tangu utotoni, alibaki kozi ya kawaida. Kule walikuwa wanajaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye sentensi na kukariri vitenzi. Sisi tuliandika insha, tulibishana, tulisoma magazeti mazima. Prof alijisifu kwamba kwake hakuna anayefika sabini.

Mwisho wa darasa la sita, tulipomaliza shule, Clarisse alipata themanini na moja. Mimi nilipata hamsini na nane.

Na nilikuwa wa kwanza darasani.

Mwezi uliopita chuo kikuu kimoja cha Zambia kilituma watu hapa mjini kuwaona wanaotaka kusomea udaktari. Mama aliyenihoji alinipenda, hilo nalijua. Nilimsimulia kwa Kiingereza jinsi mama mdogo alivyojifungulia njiani, juu ya lori la papa, na sisi wawili tukabaki kufuta macho. Akaniambia nazungumza vizuri kuliko wanafunzi wake wa mwaka wa pili. Kisha akafungua bulletin yangu ya alama.

"Hamsini na nane? Sisi tunaanzia sitini na tano."

Nilimweleza habari ya darasa la juu. Nilimweleza vizuri sana.

"Nakuamini," alisema. "Lakini kompyuta inauliza alama tu. Haiulizi darasa."

Akanipa mkono. Ulikuwa mkono wa joto. Ningependa ungekuwa wa baridi.

Clarisse aliingia baada yangu. Waliona themanini na moja, wakamuuliza jina lake na mahali alipozaliwa, akatoka.

Nilimwendea Prof Anselme, nikamwomba awaandikie watu wa chuo neno moja tu, waelewe alama zake zinavyotolewa. Alikuwa anakula beignet. Hakuacha kutafuna.

"Katungu, mimi nilikufundisha anglais. Kulia ulijifunza kwa nani?"

Nyumbani papa hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Myaka mbili unatuongelesha kizungu hapa," alisema. "Na kizungu yenyewe imekukatala."

Mdogo wangu Kyakimwa alicheka mpaka chakula kikampalia. Papa akamgeukia, akamwambia yeye atabaki kozi ya kawaida, tena asithubutu kuuliza swali. Mimi, tangu Jumatatu iliyofuata, nakaa depo kuuza unga.

Sasa leo.

Clarisse amekubaliwa. Mama yake alialika mtaa mzima, na wanakwaya wa parokia, na wajomba waliokuja wakiwa wamefunga tai. Nilikaa nyuma, karibu na masufuria. Niliomba nisionekane.

"Katungu, kuya huku!" Mama Clarisse aliniita. "Weye njo unajua anglais. Utusomee ile message ya chuo, na utuambie mu Swahili, bantu yote basikie."

Mtu mmoja nyuma yangu akauliza, "Yule wa hamsini na nane?" Wakacheka.

Clarisse akanipa simu yake. Nikasoma, nikatafsiri. Tunafurahi kukupokea: vigelegele. Kitivo cha udaktari: wajomba wakasimama. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo najivunia hata sasa. Nikafika mwisho. Pameandikwa kwamba wiki ya kwanza kila mwanafunzi mpya atafanya mtihani wa kuzungumza Kiingereza, na atakayeshindwa atarudishwa kwao. Nikasema kama palivyoandikwa. Sikupunguza, sikuongeza.

Wajomba wakaketi.

"Ile haiko mule ndani," Mama Clarisse alisema. "Umeongeza ya kwako. Jalousie, huu wivu wako, itakuua, weye mutoto!"

Nilimtazama Clarisse. Alichukua simu yake, akasoma. Niliona kidole chake kikisimama kwenye mstari ule ule. Kiingereza chake ni kidogo, lakini kwa mstari ule kilimtosha.

"Sioni kintu ya vile," alisema.

Papa aliinuka kwenye kiti chake. Nilidhani anakuja kunitetea. Kwa muda mfupi nilikuwa mtoto mwenye baba.

"Piga magoti," alisema. "Omba pardon."

Nikapiga magoti. Nikaomba. Mama Clarisse akanisamehe kwa sauti ya kusikika na kila mtu, akanishika kichwa kama mgonjwa, kisha akanipa chupa ya sucré ya machungwa. Nikanywa, mbele yao wote.

Njiani papa alisema bila kunitazama, "Najua haukudanganya. Lakini ilikuwa sherehe ya bantu, si yetu."

Hilo limeniuma kuliko magoti.

Sasa hivi, nikiwa naandika haya, Clarisse amenitumia ujumbe: "Ma chérie, usikasirike. Mama alikuwa na furaha sana. Ile examen ya kusema, utanifundisha? Nakuya kesho nyuma ya misa."

Nimemjibu kwa Kiingereza. Nimechagua kila neno, kama mtu anayechagua mawe. Nimemwambia kwamba somo la kwanza ni kusema ukweli kwa sauti, mbele ya mama yake na ya baba yangu, na kwamba mpaka siku atakayofanya hivyo, asiguse mlango wetu. Sijawahi kuandika Kiingereza kizuri namna hiyo.

Jibu lake limerudi mara moja. Mioyo mitatu myekundu, halafu: "Merci! Nilijua hauwezi kunikatalia."

Nimecheka peke yangu mpaka Kyakimwa akaja kuchungulia kama nalia.

Kesho baada ya misa atagonga. Atakuwa amesuka nywele, atakuwa na harufu nzuri, ataniita dada. Nitasimama mlangoni nimtafsirie nilichomwandikia, sentensi moja baada ya nyingine, kama leo?

Au nitamfungulia tu?