Mkifika Penye Kifungo

Wambui, mjukuu na wajina wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi huku Mowlem tu wazima. Babako amepaka sebule yangu rangi ya kijani bila kuniuliza, na sasa nakunywa chai kama mtu aliye ndani ya avokado.

Umeniuliza, hicho kipindi cha filamu unachokitengeneza kionyeshwe nchi nyingi, mtangazaji aeleze kiasi gani ili kila mtu aelewe?

Nilipokuwa msichana, kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni katika ukumbi wa video kule Huruma, nikiwafasiria watu filamu za Kihindi. Kihindi chenyewe sikukijua hata kidogo. Nilibuni tu, na watu walinipenda!

Jumapili moja, mama katika filamu alikuwa akiagana na mwanawe stesheni. Nami natiririka: sasa anamwambia hivi, sasa anajibiwa vile. Msukuma mkokoteni mmoja wa soko la Gikomba akaniita kutoka nyuma, "Dada, hebu nyamaza kidogo. Tunalia hapa."

Nikanyamaza kwa hasira, nikageuka kutazama. Filamu ile nilikuwa nimeieleza mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kumwona mama yule akimfunga mwanawe kifungo cha shati, akikifungua, akikifunga tena, ili mikono yake isimwache upesi.

Kwa hivyo mwambie mtangazaji wako aongee, hata mimi napenda maneno. Lakini mkifika penye kifungo, tuachieni.

Shosho wako,
Wambui mkubwa