Jino la Mjukuu Wako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nasikia bado unapanda majukwaa kujenga kuta kama kijana. Haya, wewe tangu lini ukaambiwa ukasikia! Mimi sijambo. Mama naye yupo, naishi naye hapa. Najua hujauliza, lakini nakwambia.

Habari kubwa ni ya mjukuu wako, yule unayemwita Mzee Mwenzangu. Juzi jino lake la mbele, lililokuwa linacheza, liling'oka alipogonga kikombe. Damu haikukata. Nilimbana kwa pamba, nikabadilisha, nikabadilisha tena, mpaka mto ukalowa. Nikamwita Mama anisaidie. Alifika mlangoni, akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni. Akasema nimkimbize hospitali, ila yeye hamgusi, kwa sababu mkono wake ulishaua. Nikambeba mwenyewe hadi hospitali.

Daktari, mama wa makamo mwenye subira, aliniuliza kuhusu alama za bluu magotini mwa mtoto. Sisi tulidhani ni utundu tu. Akanieleza kwamba mshipa ukikatika, chembe ndogo za damu hukimbilia pale kuziba tundu, ila peke yake hazitoshi. Lazima protini za damu ziamshane, hii iiamshe ile, hadi ya mwisho itengeneze nyuzi za kuishika damu igande. Nikakukumbuka wewe na vibarua wako mnavyopitishiana matofali mkono kwa mkono hadi juu. Akikosekana mmoja katikati, matofali yanabaki chini na ukuta haupandi. Mwanangu kazaliwa bila huyo mmoja. Walimchoma sindano ya kile anachokosa, damu ikakata, na sasa anadai chakula kila saa.

Ndipo nikamweleza habari ya Kaka. Kwamba Mama alimfunga jino uzi, akalivuta kama wanavyofanya mama wengi, na Kaka akavuja damu mpaka akatutoka. Daktari akasema hata lingedondoka lenyewe angevuja vilevile. Ugonjwa huu mama humpa mwanawe wa kiume bila kujua kama anao. Ndiyo, umepita kwa Mama, ukapita na kwangu. Nakujua, Baba, utalidaka neno hilo. Tafadhali usilidake, maana hakuna aliyechagua.

Siku ya mazishi ulimwambia Mama mbele za watu kwamba amemuua mwanao kwa mikono yake, ukaondoka. Tangu siku hiyo hakunigusa hata nywele. Nilikua nikisukwa na majirani.

Sijamwambia aliyosema daktari. Nikisema mimi, atadhani namfariji tu. Lile neno lilitoka kinywani mwako, Baba, na hili litoke humo humo. Sasa hivi yuko chumba cha pili, amekaa mbali na kitanda cha mtoto, anamwangalia akilala. Njoo. Ngazi za hapa ni chache, goti lako litaziweza.

Wasalimie mafundi wote. Mzee Mwenzako anasema na yeye ana pengo kama lako.

Ni mimi,
mwanao uliyebaki naye.