Uso wa Neema kwenye Tangazo la Bunduki

Hamjambo ndugu zangu mnaonisoma? Watoto wazima? Miili inaendeleaje na baridi hii isiyotaka kwenda kwao? Mimi Mungu ananishika, ila leo Jumanne moyo ni mchungu na sitawaficha.

Neema wangu, wa miaka kumi na sita, yuko kwenye klabu ya kulenga shabaha. Wanarushiwa visahani vya udongo hewani, wanavipasua kwa bunduki. Hapa Minnesota, Marekani, ni mchezo kama mpira. Niliombea jambo hilo kisha nikamruhusu, maana tangu tuhamie Coon Rapids hakuwa na rafiki hata mmoja, na huko alipata watu wa kucheka nao.

Majuzi klabu ikatoa tangazo la kuita watoto wengine. Katikati ni Neema, bunduki begani, meno yote nje. Nikafurahi kama mjinga. Na mnajua mambo ya kanisani kwetu: mtoto akihitimu, akipata leseni ya gari, picha inaingia kwenye grupu la akina mama na amina zinamiminika. Nikaituma. "Mwoneni binti yenu, Mungu ni mwema!"

Amina zikaja. Kisha chini yake, kwa maandishi madogo ya kijivu: Mama Baraka ameondoka kwenye grupu.

Baraka wake aliuawa kwa risasi kwenye kituo cha mafuta. Aliyempiga alikuwa mtoto wa shule kama yeye. Asubuhi ya mazishi ni mimi niliyemvisha huyo mama viatu.

Na bado nikaituma.

Simu zangu hakushika. Nikaenda hadi kwake Hopkins. Alinifungulia, lakini hakunikaribisha kiti.

"Mama Neema, najua hukuwa na ubaya. Ila usiniambie ni mchezo."

Akaniambia Alhamisi wabunge wa jimbo kule Saint Paul watasikiliza watu kuhusu muswada wa kukataza matangazo ya bunduki yanayolenga watoto. Hata hilo la klabu litaguswa. "Njoo tu ukae na mimi."

Nikasema nitaona. Nitaona! Hilo ni jibu la kumpa mama aliyezika?

Nilisema hivyo kwa sababu kocha wa klabu alikuwa ametangulia kunipigia. Ni mtu mwema, sitamsingizia. Nikiwa na zamu mbili ndiye humrudisha Neema nyumbani. Anaogopa sheria ikipita, hata kuwaita watoto waje kufundishwa usalama itakuwa kosa. Akaomba Neema azungumze mbele ya wabunge. "Wakimwona Neema, watatuelewa."

Wakimwona Neema. Nilikuwa kazini kwenye nyumba ya kutunza wazee, namgeuza bibi mmoja kitandani, maneno hayo yakanirudia. Klabuni wako watoto wenye shabaha nzuri kuliko yake, tena kwa mbali. Sasa kwa nini yeye? Hawakutaka shabaha yake. Walitaka uso wake, uso wa binti wa Kiafrika anayecheka.

Jana nikamwambia kocha Neema haendi, na picha itolewe. Akanijibu kwa upole kwamba ruhusa ya picha niliitoa mwenyewe, nakala zimeshasambaa, na sheria bado haijapita.

Kweli. Haijapita.

Neema alinisikia. Akanijibu kwa Kiingereza chake, na kwa lugha yetu ni hivi: "Ulimuuliza Mungu, ukamuuliza Mama Baraka. Mimi hukuniuliza." Akafunga mlango. Baba yake akanitania, "Mwenye bunduki humu ndani ni yeye, ongea naye polepole." Sikucheka.

Klabuni sijamtoa. Sina moyo wa kumrudisha kwenye ule upweke.

Alhamisi nimebadilishana zamu. Nitakaa nyuma ya Mama Baraka, hata asipogeuka. Wakionyesha lile tangazo mbele ya watu, nitamwona mwanangu pale akicheka, na nitanyamaza upande wa wanaotaka picha yake iondolewe.

Ee Bwana, hivyo ndivyo mama anavyomtetea mwanawe?

Wewe uliye na mtoto, niandikie. Tafadhali, kabla ya Alhamisi.